Tumekata baruti nusu lakini mtikisiko haujashuka. Tatizo liko wapi?

Kokoto_Mashariki aliuliza:

Habari zenu wadau. Ni machimbo ya kokoto upande wa Katani, ukitokea Embakasi, Nairobi. Mwamba ni fonolaiti ngumu, na juu yake kuna udongo mweusi wa blakikotoni wa kama mita moja na nusu. Nyumba ya karibu ni ya mawe ya kuchonga, haina ghorofa, iko mita 220 kutoka uso wa machimbo. Seismografu (chombo cha kupima mtikisiko) iko hapo kwenye nyumba.

Mpango wetu ni huu: mashimo ya milimita 76, kina mita 8.7 kwa benchi (ngazi ya mwamba) ya mita 8. Badeni (kutoka safu hadi uso wa mwamba) ni mita 2.5, shimo hadi shimo mita 3, kizibo (cha kuziba mdomo wa shimo juu ya baruti) mita 2. Kila shimo linabeba ANFO (baruti ya nitreti ya amonia na dizeli) kilo 25.8. Dilei (vichelewesho) ni za noneli, yaani detoneta (viwashio) za mrija zisizotumia umeme: 500 ms (milisekunde) chini ya shimo, 25 ms shimo hadi shimo, 42 ms safu hadi safu.

Mlipuko wa kwanza ulikuwa na mashimo 60, safu 4 za 15, jumla kilo 1,548. Chombo kilisoma PPV (kasi ya juu kabisa ya chembe za ardhi) ya 6.1 mm/s. Majirani wakalalamika, tukakata hadi mashimo 30, bado safu 4 (8, 8, 7, 7), jumla kilo 774. Chombo kimesoma 5.8.

Nishati tuliyoiweka kwenye mwamba imepungua nusu. Mbona chombo hakioni hivyo? Na je, nishati yenyewe ya mtikisiko inakokotolewa vipi, badala ya kutazama PPV peke yake?

Milisekunde alijibu:

Ndugu, chombo kinaona sawasawa. Ulichokata ni jumla, na PPV haifuati jumla. Inafuata baruti inayolipuka pamoja, na kwa desturi ya kazi hii "pamoja" ni yote inayolipuka ndani ya 8 ms.

Chukua karatasi uandike saa ya kila shimo. Acha ile 500 ya chini kwa sasa, maana ni moja kwa mashimo yote. Safu ya kwanza: 0, 25, 50, 75, 100, 125, 150 na kuendelea. Safu ya pili inaanza 42, ya tatu 84, ya nne 126. Umeona? Shimo la sita la safu ya kwanza linalipuka kwenye 125, na shimo la kwanza la safu ya nne kwenye 126. Yametofautiana milisekunde moja tu. La saba na la pili vivyo hivyo, la nane na la tatu pia. Kwenye mlipuko wa mashimo 60 ulikuwa na jozi 10 za namna hiyo. Ulipokata hadi 30 zimebaki jozi 3. Kilele cha mtikisiko hakihitaji jozi kumi, jozi moja inatosha kukiweka.

Isitoshe, safu zilizobaki zimepishana kwa 8 au 9 ms tu, yaani pale pale kwenye mpaka. Na dilei ya noneli ya 500 ms ni ya kuungua kwa kemikali, si ya saa. Ikikosea kwa asilimia 1.5, shimo moja linawahi au kuchelewa kwa 7.5 ms. Kwa hiyo mashimo mawili ambayo kwenye karatasi yameachana 8 ms yanaweza kulipuka sawia, na mara nyingine matatu.

Sasa hesabu. Gawanya umbali kwa kipeuo cha pili cha kilo zinazolipuka pamoja. Kanuni ya kuanzia kwa mwamba wa wastani wenye uso huru (upande ulio wazi), ile ya kiwango cha Australia AS 2187.2, ni PPV = 1140 × (umbali ÷ √kilo) kwa kipeo cha −1.6. Kwa mita 220:

Shimo moja, kilo 25.8: kama 2.7 mm/s.
Mawili, kilo 51.6: kama 4.8 mm/s.
Matatu, kilo 77.4: kama 6.6 mm/s.

Visomo vyako vya 6.1 na 5.8 vimekaa kati ya mashimo mawili na matatu. Hiyo ndiyo hali halisi ya mpango wako, uwe na mashimo 30 au 60.

Kutibu: baki na safu mbili tu, tumia 42 ms shimo hadi shimo na 67 ms safu hadi safu. Ukipanga saa zake, pengo dogo kabisa ni 17 ms, na hilo linastahimili makosa ya noneli ya kiasi hicho. Ukiongeza safu ya tatu inaanzia 134, karibu na 126 ya safu ya kwanza, unarudi kwenye 8 ms. Kwa hiyo benchi ndefu yenye safu mbili ni bora kuliko fupi yenye nne, hata kama idadi ya mashimo ni ile ile.

Tahadhari moja: usikimbilie 100 au 109 ms kati ya safu kwa kudhani pengo kubwa ndilo salama. Mapigo yanayofuatana kila 100 ms yanasukuma ardhi kwa 10 Hz (mara 10 kwa sekunde), na nyumba za chini zenyewe huyumba kwa kati ya 4 na 12 Hz. Mapigo ya kila 25 ms ni 40 Hz, ya kila 42 ms ni 24 Hz. Huko nyumba haiyumbi nayo kwa urahisi.

Wimbi_Longi alijibu:

Niongeze upande wa nishati, kwa sababu swali lako la pili ni zuri na linaeleza la kwanza.

Nishati inayopita katika kila mita ya mraba ya ardhi ni uzito wa mwamba kwa mita ya ujazo, mara mwendo wa wimbi, mara jumla ya kasi ya chembe ikiwa imezidishwa kwa yenyewe muda wote wa rekodi. Kwa ufupi: ρ × c × ∫v²dt, na v² ni jumla ya mikondo yote mitatu ya jiofoni, kihisio cha seismografu (wa kuelekea mlipuko, wa kando, na wa wima). Programu nyingi za seismografu hutoa rekodi kama faili ya maandishi, hivyo lahajedwali inatosha: zidisha kila kisomo kwa chenyewe, jumlisha, zidisha kwa muda kati ya visomo.

Mfano wa ukubwa. Chukua fonolaiti ya kilo 2,500 kwa mita ya ujazo na mwendo wa wimbi 3,500 m/s. Tuseme rekodi ina wastani wa kasi wa 2 mm/s (ule wa kipeuo cha pili cha wastani wa miraba) kwa 0.6 ya sekunde. Unapata kama jouli 21 kwa mita ya mraba. Ukilitandaza wimbi kwenye nusu tufe la mita 220, eneo ni kama mita za mraba 304,000, na jumla ni megajouli 6.4. ANFO ina kama megajouli 3.8 kwa kilo, kwa hiyo kilo 774 ni megajouli 2,940. Nishati iliyofika umbali huo wa nyumba, pande zote, ni kama asilimia 0.2 ya ile ya baruti.

Usiichukulie namba hiyo kuwa kamili. Sehemu kubwa ya kinachofika mita 220 ni mawimbi ya juu ya ardhi, hayatandai kama nusu tufe, na sehemu nyingine imeliwa njiani na nyufa za mwamba. Karibu na mashimo sehemu ya nishati inayogeuka mtikisiko ni kubwa zaidi, ila bado ni asilimia chache tu. Nyingine yote inaenda kwenye kupasua mwamba, kuusukuma mbele, joto na gesi.

Sasa tazama: ∫v²dt inajumlisha muda wote. Ulipokata mashimo nusu, jumla hii ilipungua kweli, kwa sababu rekodi imekuwa fupi. PPV haijumlishi kitu, inashika kilele kimoja cha sehemu ndogo ya sekunde. Ukizilinganisha rekodi zako mbili kwa hesabu hii utaona nishati imeshuka huku kilele kikibaki pale pale. Jozi tatu alizokuonyesha Milisekunde ndizo zinazoshikilia kilele.

Na kwa kuwa nishati inafuata mraba wa kasi, ukishusha PPV kutoka 6 hadi 3 kwa rekodi ya urefu ule ule, nishati inashuka hadi robo. Ndiyo maana kutenganisha saa za mashimo kuna faida kubwa kuliko kupunguza idadi yake.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kufungwa kwa shimo. Nishati isiyopata mahali pa kusukuma mwamba inarudi nyuma kama mtikisiko. Kama mlipuko uliopita umebomoa ukingo wa juu au umeacha kisigino (mwamba usiovunjika) chini ya benchi, badeni yako si 2.5 tena, huko chini inaweza kuwa 3.5. Shimo la namna hiyo linatikisa zaidi kwa kilo zile zile. Pimeni uso wa benchi kabla ya kuweka alama za mashimo, na pimeni mkengeuko wa shimo baada ya kutoboa. Kulipua huku kifusi cha jana bado kimelala mbele ya uso kuna athari hiyo hiyo. Na kwa wale wanaodhani kupasua mstari wa nyuma mapema (safu ya mashimo inayolipuliwa kabla ya mlipuko mkuu, nyuma yake) kutazuia mtikisiko: mstari huo wenyewe unalipuka ukiwa umefungwa pande zote, na huweza kutoa kisomo kikubwa kuliko mlipuko mkuu usipogawanywa kwa dilei.

Jiofoni_Tatu alijibu:

Kabla ya kubadilisha mpango, hakikisha chombo kinasema kweli. Jiofoni imekaa wapi hasa? Kwenye sakafu ya veranda, juu ya vigae, au ardhini?

Iwekwe ardhini, upande wa nyumba unaotazama machimbo, ndani ya mita 3 kutoka ukutani. Mshale uelekee mlipuko. Kwa kisomo chako cha kama 6 mm/s kwa 30 Hz mchapuko ni kama 0.12 g, na chini ya 0.2 g kanuni za vipimo haziulazimishi mfuko wa mchanga wala kufukia. Lakini udongo mweusi wa kiangazi umepasuka vipande vipande, na jiofoni ikikaa juu ya bonge lililoachana na chini yake inapima bonge. Fukia. Shimo liwe na kina kama mara tatu ya urefu wa jiofoni, au chimba hadi upite nyufa za juu, kisha shindilia udongo kuizunguka na hakikisha bado imekaa sawa.

Mpangilio: visomo visivyopungua 1,024 kwa sekunde, kianze kurekodi kwenye 1.3 mm/s, na muda wa kurekodi uzidi muda wa mlipuko kwa sekunde 2 na zaidi. Cheti cha urekebishaji kisizidi mwaka mmoja. Maikrofoni iwe juu ya kijiti, kama sentimita 90 kutoka ardhini, na sponji ya kuzuia upepo.

Maikrofoni hiyo muipe uzito. Kwenye mita 220 wimbi la ardhini linafika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, la hewa linafika baada ya kama 0.65 ya sekunde. Majirani wakisema nyumba imetikisika mara mbili, wanasema kweli. Mara ya pili ni hewa ikigonga madirisha na mabati, na chanzo chake kwa kawaida ni kizibo kifupi au uso wenye badeni nyembamba. Kupunguza kilo ardhini hakutaondoa lalamiko hilo. Kizibo cha mita 2 kwa shimo la milimita 76 kinatosha, ila kiwe cha kokoto safi ya milimita 6 hadi 10, si vumbi la kutobolea ambalo hurushwa kama risasi.

Kokoto_Mashariki:

Asanteni sana. Jiofoni iko kwenye veranda, tutaihamisha. Saa nimezipanga upya na jozi zimejitokeza kama ulivyosema, Milisekunde. Swali jingine: ua wa machimbo, yaani uzio wa mpaka, uko mita 140 kutoka uso wa benchi upande huo wa nyumba. Je, kipimo cha kisheria ni pale nyumbani au pale uani?

Milisekunde:

Uani. Kanuni za mwaka 2009 za kelele na mtikisiko uliokithiri, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, EMCA, zinaweka 0.5 cm kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo lenye chanzo. Hiyo ni 5 mm/s, na inaanza kuhesabiwa pale unapovuka mpaka. Weka chombo cha pili hapo.

Na kwa mita 140 hesabu inabana. Ili ubaki 5 mm/s kwa kanuni ile ile, umbali ukigawanywa kwa √kilo usishuke chini ya 29.8, yaani kilo 22 tu kwa pamoja. Shimo lako moja ni 25.8. Hata ukitenganisha saa kikamilifu, uani utazidi kidogo. Tena 1140 ni mstari wa katikati: nusu ya milipuko inakaa juu yake. Kusanya visomo vya uani na nyumbani kwa kila mlipuko, chora kwenye karatasi ya logi, kisha panga kwa kutumia mstari wa juu wa asilimia 95 wa mwamba wenu, siyo wa vitabu.

Njia iliyobaki ni kugawa shimo sehemu mbili. Shimo la 8.7, toa kizibo mita 2, toa mita 1 ya kokoto katikati, unabaki na mita 5.7 za baruti. Kwa kilo 3.86 kwa mita hizo ni kilo 22, yaani kilo 11 kila sehemu. Uani inatoa kama 2.9 mm/s. Kilo za baruti kwa mita ya ujazo ya mwamba zinashuka kutoka 0.43 hadi 0.37, kwa hiyo mawe makubwa yataongezeka kidogo na nyundo ya kuvunjia itafanya kazi zaidi.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanaporudisha tatizo. Ukitumia 475 ms sehemu moja na 500 ms sehemu nyingine, halafu 25 ms juu kati ya mashimo, sehemu ya 500 ya shimo la kwanza inalipuka sawia na ya 475 ya shimo la pili. Zile 42 na 67 nilizokupa hapo juu nazo zinagongana: 475 + 67 ni 542, na 500 + 42 ni 542. Kwa noneli, mashimo yaliyogawanywa yalipuliwe safu moja kwa 42 ms, pengo linabaki 17. Mkipata detoneta za kielektroniki, weka 20 ms kati ya sehemu mbili za shimo, 40 shimo hadi shimo, 70 safu hadi safu kwa safu mbili. Hapo kila kitu kimeachana 10 ms, na detoneta hizo zinatii saa. Mabadiliko yote haya ayapitishe mlipuaji wenu mwenye leseni na yaandikwe kwenye mpango kabla ya kupakia.

Ukuta_Imara alijibu:

Kuhusu majirani. Kabla ya mlipuko ujao, pigeni picha za nyufa zote, ndani na nje, kila moja na rula kando yake, na mwenye nyumba atie sahihi. Bandikeni vipimo vya nyufa kwenye zile kubwa.

Nyumba iliyokaa juu ya udongo mweusi hupasuka yenyewe: udongo unavimba masika na kusinyaa kiangazi, na msingi wa kina kifupi unapanda na kushuka kwa milimita kadhaa au zaidi. Mtikisiko wa 5 mm/s kwa 24 Hz unaisogeza ardhi kwa kama 0.03 ya milimita. Nyufa za udongo kwa kawaida hukimbia kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na hufunguka na kufunga kwa msimu. Hilo haliwapi ninyi ruhusa ya kupuuza: ukuta ambao tayari umevutwa na udongo unahitaji nguvu ndogo tu ili plasta iachie, na kiwango cha Ujerumani DIN 4150-3 huzipa nyumba za kuishi 5 mm/s tu kwa masafa yaliyo chini ya 10 Hz. Vipimo vya nyufa vya miezi kadhaa, vikiwekwa kando ya tarehe za milipuko na za mvua, ndivyo vitakavyotenganisha yenu na ya udongo. Na jirani apewe nakala ya kila kisomo. Mtu huhisi mtikisiko hata ukiwa chini ya 0.5 mm/s, na asipopewa namba ataamini mwili wake.

Milisekunde:

Nyongeza ya masika. Mashimo yakijaa maji ANFO haifai, mtahamia emalsheni (baruti ya ujiuji inayostahimili maji), nayo ni nzito zaidi. Kwa uzito wa gramu 1.15 kwa sentimita ya ujazo, shimo lako la mita 6.7 za baruti linabeba kama kilo 35 badala ya 25.8, na PPV inapanda karibu asilimia 28 bila mtu kubadilisha chochote kwenye mpango. Kwenye shimo lililogawanywa kila sehemu inakuwa kama kilo 15, uani kama 3.6 mm/s, bado mko ndani. Ila kile kizuizi cha katikati kisipungue kwa njia yoyote: shimo lenye maji linahitaji angalau mara 12 ya kipenyo, yaani sentimita 91, ili sehemu moja isiiwashe nyingine. Mita 1 ya kokoto inatosha. Ikiwa ya vumbi la kutobolea itageuka tope na kuzama kabla hamjamaliza kupakia, kwa hiyo pimeni kwa kamba yenye uzito kabla ya kumimina sehemu ya juu.